Jumamosi ya Mdahalo

Bernadine Yurkanin alikuwa mshauri wa wanafunzi katika sekondari ya Shenkel, mji mdogo wa Pennsylvania ambako makaa ya mawe yalikwisha zamani, yakabaki makanisa, baa na vilima vyeusi vya taka za mgodi ambavyo watoto huteleza juu yake theluji ikianguka. Alizaliwa hapo, akasoma hapo, akaolewa hapo, na mumewe akazikwa hapo. Hawakujaliwa mtoto. Watu walisema watoto wake ni wale wanaopita ofisini mwake, naye hakukataa, ingawa moyoni aliwapenda wenye akili kali kuliko wenzao, jambo ambalo mzazi hatakiwi kulifanya, au akilifanya asijulikane.

Hao wenye akili ndio waliomkosesha raha. Kila mwaka mmoja wao, wakati mwingine wawili, waliomba nafasi katika vile vyuo vya Massachusetts na Connecticut vinavyochukua wachache na kuwatema wengi, na kila mwaka Shenkel ilitemwa. Alama zao zilikuwa safi. Mitihani waliifaulu. Bernadine aliona ni kama mji mzima umetukanwa, na tusi lenyewe limesemwa kwa adabu, kwa maneno ya kusikitika sana na kukutakia kila la heri.

Kiangazi kimoja akaenda Philadelphia kwenye semina ya washauri. Akamsikiliza mwanamke mmoja aliyewahi kukaa kwenye kamati ya udahili ya chuo cha namna hiyo. "Alama nzuri wanazo wote," yule mwanamke alisema. "Mkituletea mtoto mwenye alama tu, hatumwoni. Kengele ya mwisho ikilia anafanya nini? Anaongoza nini? Amelishikilia kwa muda gani?" Bernadine alirudi Shenkel akiwa na mwanga machoni. Kumbe mlango ulikuwa upande mwingine wa nyumba. Muda wote huo wao walikuwa wakigonga ukuta.

Shule ilipofunguliwa alimwita Corinne Hudock. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, wa mwaka wa tatu, ambaye walimu walimzungumzia kwa sauti ya chini kama watu waliookota kitu cha thamani wakaogopa mwenyewe asije akakidai.

"Ukitoka shule huwa unafanya nini?" Bernadine akamuuliza.

"Naenda nyumbani."

"Kufanya?"

"Kukaa na babu. Mama yuko ghalani mpaka jioni. Halafu kuna njiwa."

"Njiwa gani?"

"Wa mashindano ya mbio. Babu ndiye anayewafuga, ila siku hizi anasahau. Akiwafungulia, hakumbuki kuwarudisha. Kwa hiyo nawatoa mimi, nawaita mimi." Corinne akatabasamu kidogo. "Wananijua sauti."

Bernadine alicheka kwa upole, kicheko ambacho baadaye angetamani kukimeza. "Mwanangu, wale watu siwezi kuwaandikia kwamba unakaa nyumbani na babu na ndege. Watakuona mtu asiyetoka nje."

"Lakini ndicho ninachofanya, Bi Yurkanin."

"Najua. Basi tutafute kingine cha kufanya."

Kingine hicho kilikuwa klabu ya mdahalo, iliyokuwa imekufa na Bernadine akaifufua yeye mwenyewe, akawa mlezi wake. Kikwazo kilikuwa Jumamosi, maana mashindano hufanyika Jumamosi, na siku hiyo Darlene, mama yake Corinne, alikuwa na zamu ya asubuhi. Bernadine akamfuata kanisani. Wanawake wa parokia hukutana chini ya kanisa kila Alhamisi kutengeneza pirogi za kuuza, vifuko vya unga vinavyojazwa viazi na jibini, vikabanwa ukingoni na kuchemshwa. Wao wawili walikuwa wakikaa benchi moja tangu usichana wao, unga mpaka kwenye viwiko.

"Darlene, mtoto ana kichwa. Unataka kimwozee humu?"

"Kichwa hicho kakirithi kwangu," Darlene akajibu bila kuinua macho. "Na mimi kimeniozea humuhumu, mbona bado nakula?"

Wenzao wakacheka. Bernadine akangoja watulie. "Nasema kweli. Akipata chuo kile, wanalipa kila kitu. Hutatoa hata nauli."

"Na mzee nimwache na nani? Ukigeuka tu, yuko barabarani na soksi."

"Dolly Petrusky. Si mnapakana?"

"Dolly akiona kiti analala."

"Basi mpe kahawa," Bernadine akasema, na benchi zima likaangua kicheko, Darlene naye. Mambo yakaishia hapo. Ndivyo ruhusa ilivyopatikana, kwa mzaha.

Corinne hakutarajiwa kufika mbali kwenye mdahalo, maana sauti yake ilikuwa ndogo. Lakini alisema polepole, kwa ile sauti ya kubembeleza ndege washuke, na majaji walijikuta wameinama mbele ili wasipitwe na neno. Kufikia Krismasi alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa klabu. Nyumbani, njiwa walianza kuchelewa kurudi, na baadhi hawakurudi. Babu yake mzaa baba, mzee Metro Hudock, aliyechimba makaa ujanani na kufanya useremala baadaye, alisimama uani jioni akitazama juu na kuuliza yule msichana yuko wapi. Darlene alilisema hilo benchini siku moja, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. Bernadine alilisikia. Akafinya pirogi yake, akachukua nyingine.

Fainali ya mashariki ya jimbo ilifanyika Februari, katika shule moja ya Scranton. Baridi ya siku hiyo ilikuwa ya kukausha pua. Kabla ya kuanza, Bernadine alizikusanya simu za watoto wote na kuzitia kwenye mkoba wake, baada ya kuwaambia wazizime. Corinne, kwa haraka aliyokuwa nayo, aliisahau yake ikiwa hai.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mada ilikuwa maji ya mito na nani mwenye haki nayo, na Corinne alikuwa amesimama jukwaani akianza kumjibu mpinzani wake, Bernadine alipohisi mkoba ukitetemeka mapajani. Akaufungua. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na neno moja: Mama.

Akafikiri, Darlene ametoka kazini, anataka kujua binti amefikia wapi. Simu ikanyamaza. Ikaanza tena. Safari hii Bernadine alijua. Baadaye alijiambia hakujua, akajiambia hivyo kwa miezi, lakini mwili wake ulijua. Mtu anayetaka habari za mashindano hupiga mara moja, akaacha. Akamtazama Corinne jukwaani, akawatazama majaji walivyoinama. Nikimwita sasa, amepoteza, akawaza. Dakika chache tu. Ikaita mara ya tatu, na Bernadine akabonyeza kwa kidole mpaka kioo kikawa cheusi.

Corinne alishinda. Walipiga picha na kombe. Kisha watoto wakajaa ukumbini kuchukua simu zao, na Corinne akaiwasha yake akiwa bado anacheka na mwenzake. Akaona mama yake amepiga mara tatu, akampigia hapo hapo.

Darlene alikuwa amerudi kutoka kazini akamkuta Dolly Petrusky amelala mbele ya televisheni, mlango wa nyuma u wazi na mzee hayupo. Majirani walizunguka mitaa. Polisi walikwenda mpaka barabara kuu. Hakuna aliyejua pa kutafuta, ila mtu mmoja, na huyo simu yake haikupatikana.

"Mama, nenda mgodi wa juu," Corinne alisema kwenye simu, akiwa amesimama katikati ya watu. "Banda lake la zamani, lile lililoanguka. Akiwakosa njiwa hapo nyumbani huwa anafikiri wako kule. Nenda sasa hivi."

Wakamkuta kule kule. Alikuwa ameketi, ameegemea mbao zilizobomoka, miguuni ana soksi tu, mifuko ya koti imejaa mahindi. Alikuwa hai. Lakini baridi ilikuwa imekwisha kuila miguu, na madaktari wakamkata vidole vyote vya mguu mmoja na nusu ya wayo wa pili. Daktari alisema mahali ambapo Bernadine aliweza kumsikia kwamba angefikishwa hospitali mapema kidogo, wayo ungeweza kupona. Hakuwa akimlaumu mtu. Alikuwa akieleza tu namna baridi inavyofanya kazi.

Bernadine alisimama kwenye ile korido ya hospitali, Darlene akilia kifuani mwake, na hapo wazo likamjia ambalo hakuliita. Lilimjia lenyewe, safi na limepangika: hii ndiyo insha. Mtoto wa mgodini, babu, njiwa, theluji. Hakuna kamati itakayoisoma na kuiweka pembeni. Mkono wake ulikuwa ukimpapasa Darlene mgongoni huku kichwa chake kikitafuta sentensi ya kwanza. Alipojigundua aliona aibu, akaomba radhi, akaenda msalani akasimama mbele ya sinki, maji yakitiririka bure.

Mtu angedhani aibu ile ingemfunga mdomo. Haikumfunga. Vuli iliyofuata, wakati wa kutuma maombi ulipofika, Bernadine alisubiri mpaka Corinne akae vizuri kwenye kiti cha ofisini, akasema kwa sauti laini, "Umewahi kufikiria kuandika juu ya babu yako?"

Mzee alikuwa sasa katika nyumba ya kutunzia wazee nje ya mji, na njiwa waliosalia walikuwa wameuzwa kwa mtu wa Hazleton.

"Mwaka jana uliniambia babu hafai kuandikwa," msichana akasema.

"Mwaka jana sikuelewa."

"Mwaka jana alikuwa na miguu." Hakupaza sauti. "Nilimwacha mara moja, Bi Yurkanin. Sitamfanya tena kitu cha kunisaidia. Nitaandika juu ya mdahalo. Si ndicho ulichotaka?"

Akaandika juu ya mdahalo. Mwenyekiti wa klabu, kombe la mashariki ya jimbo, klabu iliyokuwa imekufa ikafufuka. Machi ilipoisha chuo kile cha Massachusetts kilimkubali, kwa gharama ya chuo chenyewe, na habari zikaenea Shenkel nzima. Mkuu wa shule aliweka jina la Corinne kwenye ubao mkubwa ulioko barabarani. Katika chumba cha walimu alimkumbatia Bernadine, akasema, "Umeuvunja ukuta, mama."

Hapo ndipo mzigo ulipomlemea hasa. Laiti wangemkataa msichana, Bernadine angesema nimekosea, ushauri wangu ulikuwa wa kijinga, nimeumiza watu bure, angetubu, yakaisha. Lakini ushauri ulikuwa sahihi. Ulifanya kile kile yule mwanamke wa Philadelphia alichosema ungefanya. Miguu ya mzee Metro ilikuwa upande mmoja wa mizani na upande wa pili palikuwa na mtoto wa mfanyakazi wa ghala anayekwenda kusoma bure mahali ambapo hakuna mtu wa Shenkel aliyewahi kukanyaga, na hakuna aliyemwambia Bernadine jinsi ya kuisoma mizani ile. Wazazi walianza kumsimamisha dukani. "Mfanyie na wangu kama ulivyomfanyia wa Hudock," walisema, nao hawakujua wanasema nini.

Akaanza kumtembelea mzee. Kila Jumapili baada ya misa aliendesha gari mpaka kwenye ile nyumba, akaketi kando ya kiti chake cha magurudumu dirishani. Mzee Metro hakumjua. Siku nyingine alimwita Olga, jina la dada yake aliyekufa. Kila mara aliuliza swali moja.

"Wameingia?"

"Wameingia wote, mzee," Bernadine alijibu.

"Yule wa kijivu?"

"Na wa kijivu."

Mzee alishusha pumzi, akatulia. Bernadine alikaa hapo na uongo wake mwingine juu ya ule wa kwanza, wa simu. Alijua kwamba Darlene husimulia kanisani, kwa shukrani, jinsi Bernie anavyomtembelea baba mkwe wake kila wiki. Watu walimwona mwema. Hilo nalo alilibeba.

Krismasi Corinne alirudi kutoka chuoni. Jumapili ile aliingia chumbani kwa babu yake akiwa amevaa koti jipya, akamkuta Bernadine dirishani akikubali kwamba wa kijivu ameingia. Akasimama mlangoni mpaka mzee alipopitiwa na usingizi. Kisha wakatoka wote wawili mpaka kwenye maegesho, wakaketi ndani ya gari la Bernadine kwa sababu ya upepo.

"Mama ameniambia unakuja kila wiki," Corinne akasema. "Nashukuru."

"Usinishukuru."

"Mbona?"

Bernadine alikuwa amelipanga lile neno kwa karibu miaka miwili, na lilipotoka halikuwa na mpangilio wowote. "Simu yako iliita. Siku ile ya Scranton. Ulikuwa unasema. Niliona ni mama yako. Ikaita tena, na tena, halafu nikaizima."

Corinne hakugeuka. Pumzi zake zilifanya ukungu kwenye kioo cha mbele.

"Nilisahau kuizima mwenyewe," akasema hatimaye. "Nilikumbuka wiki ile ile. Nikajiuliza mbona nilipoichukua ilikuwa imezimwa. Nikasema labda chaji. Lakini ilipowaka, chaji ilikuwepo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikutaka kujua. Ningejua, ningelazimika kukuchukia, na barua ya kunisifia ulikuwa bado hujaiandika." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Unaona? Na mimi nina mahesabu yangu."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na raha, Bi Yurkanin. Hilo ndilo nisilolisema kwa mtu. Siku ile nzima sikumkumbuka babu hata mara moja. Kila siku nilikuwa namfunga viatu, namtafutia miwani, nawaimbia njiwa wake, na Jumamosi ile nikasahau kwamba yupo. Ulipopita wakati wa kula nilikuwa nacheka. Yeye alikuwa amekwisha kutoka."

Bernadine alitaka kumshika mkono. Akaogopa. "Nisamehe," akasema.

"Usiniombe mimi." Corinne sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima. "Mama anajua?"

"Hapana."

"Basi nenda kamwambie. Mimi narudi chuoni, na siwezi kuongea naye kila Jumapili kwenye simu nikiwa na jambo hili mdomoni. Hilo ni lako."

Akafungua mlango, akashuka, akarudi ndani kwa babu yake.

Alhamisi ya kwanza baada ya sikukuu Bernadine alishuka ngazi za chini ya kanisa mapema kuliko wengine, kwa kuwa alijua Darlene ndiye huwasha jiko. Akamkuta anakanda unga peke yake. Akamwambia hapo hapo, wamesimama, kabla hajavua koti. Safari hii alisema yote: simu, mara zilizoita, na jinsi alivyojua kwamba kuna baya na bado akabonyeza. Hakusema kuhusu insha na lile wazo la hospitalini. Alikusudia kulisema, na mpaka leo halijasemwa.

Darlene aliendelea kukanda. Mikono yake iliusukuma unga, ikaukunja, ikausukuma.

"Nilipiga nikasema huyu mtoto kwa nini hapokei," akasema. "Nikamlaani. Mwanangu mwenyewe. Nilisema, kaenda kujifanya mwanasheria huko, babu yake anakufa. Nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe neno hilo kila usiku." Akapangusa paji la uso kwa mkono, unga ukabaki hapo. "Na wewe ulikuwa umeniketia hapa ubavuni."

"Ndiyo."

"Bernie, toka kidogo mbele yangu."

Bernadine akatoka. Alikaa garini nje mpaka wanawake wengine walipofika, akaona si haki kuingia nao kama kwamba hakuna kilichotokea, akaenda nyumbani.

Majira ya baridi yote Darlene hakusema naye. Hakumtangaza pia, mji haukujua, na ubao wa shule ulikuwa umekwisha kubadilishwa kutangaza ushindi wa timu ya mieleka. Jumapili Bernadine aliendelea kwenda kwa mzee, lakini sasa alienda saa za alasiri ili wasikutane. Februari mzee Metro akafariki usingizini. Kwenye mazishi Bernadine alisimama nyuma kabisa. Corinne alimpita akiwa amemshika mama yake mkono, akamwinamishia kichwa, basi.

Kazini aliendelea kushauri, maana ndiyo kazi aliyoijua. Baba mmoja, fundi wa mabomba, alimletea binti yake na kumuuliza wazi: je, ni kweli klabu na vikombe vinasaidia kwenye vile vyuo? Bernadine alitamani amwambie hapana. Akasema ndiyo, vinasaidia, na mwenye muda na gari na mtu wa kumwachia nyumba hupata zaidi kuliko asiye navyo. Kisha akamgeukia binti akamuuliza nyumbani kuna nani, na nani anayemwangalia. Binti akamtazama baba yake kabla ya kujibu. Bernadine akaliona hilo, akangoja.

Wiki chache kabla ya Pasaka, parokia ilipokuwa na oda nyingi na mikono haitoshi, padri mwenyewe alimpigia simu Bernadine aje. Alikwenda. Benchi lilikuwa limejaa, nafasi moja tu ilikuwa wazi, mwisho, karibu na Darlene. Akasimama na aproni mkononi. Darlene hakumtazama, lakini alisogea kidogo, akavuta bakuli la viazi mpaka katikati.

Walifanya kazi bila kusemezana mpaka trei ikajaa. Darlene akaitazama ile trei, akachukua pirogi moja ya Bernadine, akaikagua ukingoni.

"Hizi zako zitafunguka kwenye maji," akasema. "Bana zaidi."

Bernadine akazirudia zote, moja baada ya nyingine.